Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wenzangu, kina baba na kina mama, tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Magomeni. Waliotangulia mbele ya haki, tuwaombee.

Hesabu atazisoma mhazini. Michango imeingia vizuri na deni la maturubai limekwisha. Mimi nitakaa kwenye jambo moja tu: wanaume wetu wanavyopotea kimyakimya.

Kina mama mmetupita mbali. Mwenzenu asipoonekana kwenye kikoba, kabla ya magharibi mtu ameshabisha hodi kwake. Sisi tunacheza bao, tunabishana Simba na Yanga hadi jua linazama, lakini mwenzetu asipofika kijiweni wiki mbili tunasema, "Labda kaenda kwao." Mwaka huu mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe. Msibani watu walijaa. Baada ya arobaini, mlango ukanyamaza. Tulipokwenda tulimkuta amekonda, dawa za presha zimemwishia na jiko halijawashwa. Unga ulikuwepo. Alituambia, "Nikisonga ugali wa mtu mmoja, haunipiti kooni." Kina mama wa mtaa wake wakapanga zamu, na sisi tukaanza kwenda kula naye. Siku hizi ndiye anayefika kijiweni wa kwanza.

Haya si mambo ya Magomeni peke yake. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na hata kufa mapema. Kwa hiyo kumtembelea mwenzako ni tiba, nami naihesabu kazi kubwa kuliko zote za chama hiki.

Dirisha la wazee hospitalini lipo, lakini mtu akiwa peke yake hukata tamaa kwenye foleni akarudi nyumbani mikono mitupu. Waliokwenda wawili wawili walivumiliana hadi wakapata dawa.

Kamati inapendekeza kila mwanachama awe na mwenza wa mtaa mmoja, waulizane hali kila siku, kwa simu au kwa miguu. Wajane na wagane tuanze nao. Daftari liko kwa katibu. Ambaye macho yamechoka ataandikiwa, na anayeumwa nyumbani aandikishwe na jirani yake leo hii kabla hatujaondoka.