Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tamko la Dhima la Mradi Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zitasomwa na Mhazini, na orodha ya matoleo mapya mmekwisha kuipata kwa maandishi. Kwa idhini yenu, taarifa yangu itahusu jambo lililochukua sehemu kubwa ya mwaka, yaani kukubaliana juu ya tamko la dhima, maelezo mafupi ya lengo, la mradi wetu wa programu huria ya kusahihisha tahajia za Kiswahili.

Rasimu ya kwanza ilisema kwamba tunatengeneza programu "ya bure kwa watu wote", na wengi wetu tuliipokea bila wasiwasi. Ndipo mwenzetu mmoja alipouliza: mtu akiipata bila malipo, lakini akakatazwa kuufungua msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kuiunda, kuurekebisha na kuwagawia wenzake, je, dhima yetu itakuwa imetimia? Swali hilo lilitugharimu vikao vitatu, nami nalishukuru. Kiingereza hutumia neno moja, "free", kwa maana zote mbili, ya kutolipia na ya kuwa na uhuru, na utata huo ni miongoni mwa sababu zilizowafanya baadhi ya watengenezaji wa programu nchini Marekani, mwaka 1998, kuitafutia kazi hii jina jingine, "open source". Sisi tunayo maneno mawili, bure na huru, na hilo la kwanza hubeba pia maana ya kitu kisicho na thamani. Lilikuwa kosa kuliweka mahali pa la pili.

Wapo waliohisi kwamba tunapoteza muda kwa kubishania maneno. Kwao nilieleza yaliyowafika wenzetu wa Debian, mradi wa mfumo huru wa kuendeshea kompyuta, ambao mkataba wao na jamii ulipitishwa mwaka 1997. Mwaka 2004 walipigia kura marekebisho yaliyoitwa ya kiuhariri tu. Baadaye ikadhihirika kwamba, kwa maneno mapya, ahadi ya uhuru ilikuwa inazibana hata nyaraka na faili nyingine zinazoambatana na programu. Ikabidi wapige kura nyingine ili kuahirisha utekelezaji hadi toleo walilokuwa wakiliandaa, Sarge, litoke, nalo lilitoka Juni 2005. Funzo hilo lilitugusa moja kwa moja, kwa kuwa kwetu orodha ya maneno ina uzito kuliko msimbo wenyewe, ilhali rasimu haikuitaja kabisa.

Tamko lililopitishwa linasomeka hivi: "Kutengeneza na kutunza programu huru ya kusahihisha tahajia za Kiswahili, pamoja na orodha yake ya maneno na miongozo yake, ili kila aandikaye Kiswahili aweze kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa."

Mtaona kwamba neno "sanifu" halimo. Liliondolewa kwa makusudi, baada ya wanachama wa Mombasa kuonyesha kwamba programu yetu huipigia mstari mwekundu "ndia" ya lahaja ya Kimvita kana kwamba mwandishi amekosea "njia". Naamini walikuwa na haki. Hata hivyo, hatujaamua iwapo lahaja zitaingizwa katika orodha moja au kila moja itakuwa na orodha yake, na mpaka sasa mstari huo mwekundu ungali pale pale. Kwa hiyo kamati inawaomba wanachama wanaozijua lahaja hizo wamkabidhi Katibu orodha zao, zikiwa na mifano ya sentensi, kabla ya kikao kijacho, ambapo suala hili litakuwa ajenda ya kwanza.