Nyani wa hatua ya pili

Mwanangu,

Dada yako kaniambia Jumapili unapanda basi la Nairobi, na kwamba kazi ya kwanza uliyopewa ni kuchambua mazuri na mabaya ya gemu ya zamani ya The Lion King. Nimecheka peke yangu ndani ya gari. Mimi nazeekea Serengeti nikiwaonyesha wageni simba, wewe unakwenda kulipwa umkosoe simba wa kwenye kioo. Sawa. Nimewaambia madereva wenzangu wote, hata wasiouliza.

Langu ni moja tu. Ukikwama, sema.

Dada yako aliniwekea hiyo gemu kwenye kompyuta yake, toleo la 2019, lile ambalo ukikosea unarudisha nyuma. Bila hivyo ningekuwa bado hatua ya pili. Kampuni ya Westwood ndiyo iliitengeneza mwaka 1994, na hatua ya kwanza wameipanga kwa adabu: unaokota wadudu, unajifunza kuruka, na mwishoni unakutana na fisi mmoja wa kumrukia akishachoka. Mabega ya yule mtoto wa simba yanavyocheza akitembea, aliyeyachora alimtazama simba kweli. Halafu ghafla unatupwa kwa twiga, mbuni na wale nyani. Unatakiwa umngurumie nyani ageuke, ili akurushe upande mwingine. Nani kakwambia? Hakuna. Na hata ukishajua, hujui nyani yupi, mpaka urushwe uangukie majini, urudi, urushwe tena.

Mbio za nyumbu ndizo zilizonifurahisha. Simba anakuja mbele yako, kundi liko nyuma yake, mawe njiani. Huhitaji maelezo, miguu yako yenyewe inataka kukimbia. Sokwe mkubwa wa kule kwenye maporomoko sijamwelewa, maana nchi hii gorila hatuna. Mwisho kabisa unapigana na Scar, yule simba mbaya, weee, hafi, kumbe lazima umtupe kutoka jabalini. Tena hakuna aliyesema.

Ulinieleza mwenyewe kwamba Louis Castle, mmoja wa wakubwa wa Westwood, alikuja kukiri: Disney ndio waliotaka iwe ngumu, ili aliyeikodi asiimalize kabla ya kurudisha kaseti, akainunue. Mwenye simba ndiye mwenye amri. Na wewe utatengeneza gemu za katuni za watu, leseni ni yao. Siku wakikuamuru umfiche mtoto njia ili baba yake atoe hela zaidi, utafanyaje? Najua utakavyofanya. Utanyamaza, utakesha siku tatu, utakonda. Ndiyo maana nasema ukikwama, sema. Kwa bosi wako, kwa dada yako, hata kwangu.

Ile siku ya banda la gemu Ngarenaro siirudii. Ila mwenye banda aliniambia baadaye kwamba hukuwa umetoroka shule, walimu walikuwa kwenye kikao. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka Seronera, kule Serengeti, siku kumi na mbili njiani, hata darasa lako nilikuwa nakisia. Mtu akirudi hivyo huona vibaya. Na wewe ungeweza kujieleza, ulikuwa na mdomo. Basi.

Kadi ya homa ya manjano usiisahau, Namanga wanaweza kuiulizia. Usilale ofisini. Mama yako anasema Nairobi mwezi wa saba ni baridi kuliko hapa, ubebe lile blanketi la bluu na usilione la kishamba. Hela ya pango lipa mwanzo wa mwezi. Ulinikopa laki mbili mwaka jana, sijasahau, lakini si sasa.

Giaboksi ya gari imefunguliwa, fundi anasema kesho tangu Jumatatu. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Mvua imeangusha migomba mitatu upande wa jirani, na jirani kakata mikungu kabla sijafika, mama yako anataka nikaongee naye, mimi nangoja hasira zipoe.

Halafu ile pedi ya dada yako ya kuchezea gemu, kitufe cha kuruka kimezama hakirudi juu. Ni wale nyani. Sijamwambia bado. Ukiona nyingine ya bei nafuu huko Nairobi nunua uitume kwa basi, nitaipokea mwenyewe stendi.

Baba yako