Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha walioumia uti wa mgongo, wazazi, walezi na wasaidizi wetu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka kwa sababu mlikuwepo au mlizisoma kwenye kundi. Tuligawa mipira ya mkojo mara nne. Viti mwendo 6 vilipatikana baada ya mimi kuandika barua tatu na kwenda mwenyewe ofisini mara mbili, nikabebwa ngazini kwa kuwa jengo halina njia yetu. Tuliwatembelea majeruhi wapya 9 wodini, tukatoa mafunzo ya kuzuia vidonda vya kulalia, na tarehe 3 Desemba tukaandamana na wenzetu Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Tumewazika wenzetu wawili, wote kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Mungu awarehemu.

Fedha ni hivi. Wanachama ni 84, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 31, waliolipa nusu ni 12, wasiolipa kabisa ni 41. Makusanyo ya ada ni 888,000, wahisani walitupa 3,150,000, matumizi 3,420,000, baki 618,000. Mfuko wa Dharura una hesabu yake, nao ndio ulioleta maneno mwaka huu.

Mwezi Julai kamati ilikataa ombi la shilingi 5,000,000 kutoka Mfuko huo, za kumsafirisha kijana wetu nje ya nchi akachomwe sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kwenye uti wa mgongo. Kura zilifungana tatu kwa tatu. Katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi, nami nikaipiga kukataa. Tangu siku hiyo nimeitwa mwenye roho mbaya, na kuna aliyeandika kwamba mwenyekiti amezoea kukaa kwenye kiti, hataki mwingine asimame.

Nilianguka mnazini mwaka 2009. Mwaka 2012 niliuza kiwanja changu cha pekee kulipia tiba niliyoahidiwa kwamba ingenirudishia miguu kwa miezi sita. Miguu haikurudi, wala kiwanja. Kwa hiyo anayesema sijui maumivu ya familia ile, ananionea.

Sababu za kura yangu naziandika hapa kwa kirefu, kwa kuwa mkutanoni sikupata watu wa kuwaeleza.

Kipeperushi cha tiba ile ya sindano aliyoombewa kijana wetu kilianza kuzunguka kwenye kundi letu mwezi Februari. Juu kilikuwa na picha ya samaki mdogo mwenye mistari, na chini yake maneno kwamba sindano itaotesha mishipa ya fahamu iliyokatika kama inavyoota kwa samaki pundamilia. Ndipo nikamwalika mwalimu wa baiolojia kwenye mkutano wa Machi. Gharama ilikuwa 185,000 pamoja na tangi, nauli na chai. Waliolalamika kwamba tunahitaji magodoro si samaki, nawaomba wakumbuke kwamba kipeperushi ndicho kilichotuletea samaki, mimi nilitafuta wa kutueleza.

Waliohudhuria wanakumbuka. Mayai yalikuwa yametagwa alfajiri ya Jumamosi, na Jumapili saa nne asubuhi mwalimu akayaweka chini ya hadubini aliyoiazima shuleni. Meza ilikuwa juu mno kwetu, tukaishusha hadubini juu ya kreti la soda, viti mwendo vikapanga foleni hadi nje. Yai linapitisha mwanga kama kioo. Ndani unamwona kiumbe amejikunja, moyo unapiga. Mwalimu alimtoa kwenye ganda kwa ncha za sindano mbili, akamgusa mkia, akachomoka kama mshale. Kijana wetu alikaa pale muda mrefu kuliko wote, akasema, “Hajatimiza hata siku mbili, na mkia unamtii.”

Mwalimu akatueleza kwa nini unamtii. Kwenye saa ya 17 hivi tangu yai kurutubishwa, nyuzi za kwanza za fahamu hutoka kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, kuitafuta misuli, na ni wakati huohuo mkia unapoanza kutikisika. Nyuzi za jicho nazo hutoka siku ya pili, hupita chini ya ubongo, huvuka kwenda upande wa pili, na kufikia saa ya 48 zimeanza kufika mahali pake. Hakuna anayezishika mkono. Kila uzi una ncha yenye vidole vidogo vinavyopapasa mbele. Mhispania Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo tangu mwaka 1890. Vidole vinapokutana na kemikali ya kuita, uzi unaelekea huko. Vikikutana na ya kufukuza, unarudi nyuma. Moja ya zile zinazoita inaitwa netrini, jina lililotolewa mwaka 1994 kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya kuongoza. Nyingine, Sliti, hukaa kwenye mstari wa kati wa mwili na kuzikataza nyuzi zisivuke ovyo.

Jambo lililonishika mimi ni lile la samaki waliopewa jina lenye maana ya “aliyepotea njia”. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba samaki hao wana hitilafu kwenye kipokezi kimoja tu, Robo2, ambacho ndicho sikio la kuisikia Sliti. Nyuzi za macho yao zinaota vizuri kabisa, hazina udhaifu wowote, ila zinavuka mstari na kurudi, na nyingine zinaishia sehemu ya ubongo isiyo yake. Naomba tulishike hilo: nyuzi zimeota, lakini hazikufika.

Ni kweli samaki huyu akikatwa ugwe mgongo hurudi kuogelea baada ya wiki sita hadi nane. Sikulificha hilo kamwe. Seli za glia, yaani zile zinazozitegemeza seli za fahamu, hujenga daraja kwenye mkato, na nyuzi hupita juu yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba jeni moja, ctgfa, inahitajika ili daraja hilo lijengwe. Lakini hata yeye si kila uzi unaopona. Ana seli mbili kubwa kichwani zinazomfanya aruke anapogutushwa, zinaitwa seli za Mauthner, na uzi wake ukikatwa mara nyingi haurudi kupita mkato. Mwaka 2004 watafiti walifanikiwa kuusukuma kwa kuongeza kemikali iitwayo cAMP ndani ya seli. Yaani mabingwa wenyewe, na samaki wao apitishaye mwanga, walikuwa wanahangaika na uzi mmoja.

Sisi je? Kwetu mkato huzungukwa na kovu, mafuta yanayozifunika nyuzi yana protini zinazozuia ukuaji, na nyuzi zenyewe za mtu mzima hazina tena msukumo ule wa utotoni. Kisha kuna umbali: kutoka ubongoni hadi kiunoni ni karibu nusu mita, na samaki yule mzima hafiki urefu wa kidole changu. Mzee wetu wa Pangani aliuliza swali zuri, mbona kidole chake kilichokatwa na shoka kilirudi kupata hisia. Jibu ni kwamba mishipa ya mikono na miguu, ambayo iko nje ya ugwe mgongo, huota hata kwetu, kiasi cha milimita moja kwa siku, kwa kuwa seli zinazoizunguka huisaidia na kuionyesha njia. Ndani ya ugwe mgongo msaada huo haupo.

Kwa hiyo niliwaandikia wenye kipeperushi barua pepe tatu. Niliuliza swali moja: seli mnazochoma zitazionyeshaje nyuzi njia ya kwenda, na mtajuaje kwamba hazikwenda kusiko kwake, zikaleta maumivu au mikazo mibaya zaidi? Nilijibiwa bei, siku za kulala hotelini na namba ya akaunti. Hadi leo hakuna sindano iliyothibitishwa kwamba inamrudishia mwendo mtu ambaye ugwe mgongo wake umekatika miaka miwili iliyopita. Nisingeweza kutia sahihi fedha za wajane na wagonjwa kwa jibu la namna ile.

Na hesabu nayo iangaliwe. Mfuko ulikuwa na 6,300,000. Agosti na Oktoba tulilipia wenzetu wawili matibabu ya vidonda, jumla 1,120,000, na wote wako nyumbani wazima. Leo Mfuko una 5,180,000. Tungetoa zile milioni tano, leo tungebaki na 180,000, na sijui mwenye kidonda atakayefuata tungemwambia nini.

Familia ya kijana bado inachangisha, na ni haki yao. Mimi binafsi nimetoa 50,000 mfukoni kwa mazoezi yake ya nyumbani, nami nampenda kama mwanangu. Mama yake hanisalimii. Nimemwendea mara mbili, nitakwenda tena.

Linaloniumiza zaidi ni mahudhurio. Machi tulikuwa 46. Juni 27. Septemba, mkutano nilioitisha mahsusi kujadili uamuzi huu, walikuja 19, na akidi ni 28. Usiku uliotangulia kundi lilijaa ujumbe zaidi ya 100 wa kunilaumu. Nilikaa na karatasi zangu tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri nikisubiri wenye lawama. Najua nauli ni tatizo, bodaboda hazitaki kubeba viti, na mvua iliharibu barabara ya Muheza. Lakini kati ya waliotaka niondoke, ni watatu tu waliokuja, na wawili wao hawajalipa ada tangu 2022.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata chumba cha ofisi, kuongeza mafunzo kwa wasaidizi, na kumwalika tena mwalimu, safari hii pamoja na daktari. Tukipata mfadhili tutaangalia pia suala la usafiri.

Samaki watano waliobaki wako kwangu. Tangi ni mali ya chama, limeandikwa kwenye daftari la mali ukurasa wa mwisho, na chakula chao nanunua mwenyewe. Anayetaka kuwaona aje siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Kijana wetu amekuja mara nne. Jumamosi mbili alilala kwangu ili ayaone mayai alfajiri, kabla hawajayala wenyewe.

Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti
Januari 2025