"Mmenilipisha halafu mmenirudishia dawa ileile"

Hii lawama kwetu kliniki tunaipata mara kwa mara mpaka imetuchosha, ngoja tuijibu hapa. Mtu anamleta mzazi wake mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuganda), tunakaa naye lisaa lizima, mwisho anatoka na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, ileile aliyokuja nayo ila saa za kumeza ndo zimebadilika, basi keshaona kaibiwa. Mmoja alitwambia kabisa tunauza maongezi.

Sawa, ila hayo maongezi ndo kazi yenyewe. Hakuna kipimo cha damu tunachotumia kujua kama dozi imetosha au imezidi, tunategemea daftari: kameza saa ngapi, kala saa ngapi, dawa imekata saa ngapi akaanza kuganda, na lini mwili ulianza kuchezacheza wenyewe. Kuna mzee familia yake ilikuja ikiwa na hakika wameuziwa dawa feki maana mchana haishiki kabisa. Kumbe kidonge cha mchana alikuwa anamezea na nyama, na protini inagombania njia na levodopa kuanzia kwenye utumbo mpaka kuingia kwenye ubongo. Tukakisogeza nusu saa kabla ya chakula, tukashughulikia na choo, kwa sababu tumbo likifunga nayo dawa inachelewa kufika, mzee akaanza kutembea mchana. Dawa mpya hakuna, bili ipo, na hatuionei aibu.

Sasa ile njia ya mkato mnayoipenda. Mzazi akitetemeka zaidi, mtu anamwongezea kidonge kimyakimya. Wiki chache mbele mzee anajinyonganyonga kutwa, presha inaporomoka akisimama, anaanguka nyonga inavunjika, au anaanza kuona watu ambao hawapo. Hapo familia inaogopa inakata dawa zote kwa mpigo, na hiyo ndo mbaya kuliko zote, inaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa kama gogo na akili kuvurugika, hiyo sio ya kusubiri kesho, ni hospitali saa hiyohiyo. Piga hesabu ya kulazwa na kufanyiwa opareshen ya nyonga halafu urudi kwenye bei yetu.

Kuna mama mwingine alidorora ghafla, watoto wanataka dozi ipande. Tukaomba mfuko wa dawa zote, ndani tukakuta metoclopramide ya kichefuchefu aliyopewa kwingine, ambayo inaziba dopamini (kemikali ya ubongo ambayo levodopa inakuja kuiongeza), yani inafuta kile tunachokitafuta. Tukaitoa, tukaweka domperidone, nayo ya kichefuchefu, baada ya kupima moyo (ndio, na hicho kipimo mlikilalamikia), akarudi taratibu.

Kwa hiyo ukija njoo na daftari la siku tatu na dawa zote hata vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma yanaishika levodopa isifyonzwe vizuri. Na njoo na anayelala naye nyumba moja, sio yule mwenye gari tu, kwa sababu tutauliza anavyopiga mateke usingizini na anavyopaliwa na maji, na wenye gari huwa hawajui.