Vyuma vya Mguu

Mpendwa somo yangu,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Natumai hujambo, na mama anaendelea vyema. Mimi sijambo, ingawa baridi ya huku inanikaba kiuno.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimeweka brashi ya kuchorea kando na kushinda na vyuma, nikiunda sanamu. Maneno ya simu hayakutosha, ndiyo maana nakuandikia.

Vile vyuma vyangu vya mguu, vya kunisaidia kutembea, tangu vile vya bwenini hadi vya ukubwani, mama alivihifadhi vyote. Nimevifungua kimoja kimoja, nikang'oa ribiti kwa tindo. Kwenye ngozi ya gotini, upande wa ndani, bado kuna weusi wa jasho langu la miaka yote hiyo. Fundi anayenichomelea alitaka kuvipiga msasa na kuvipaka rangi ya fedha vipendeze. Nilikataa. Wewe unajua, somo: madaktari walinipima, wakanikata kano, wakanifunga, na hakuna aliyeniuliza neno. Sasa kila bizimu inakaa ninapotaka mimi. Chuma kimoja cha paja nimekipindua, kimekuwa bega.

Anayenipa moyo ni mchoraji Frida Kahlo wa Mexico. Usimtazame kwa maua ya kichwani tu. Polio ilimpata akiwa na miaka sita, mguu wa kulia ukasinyaa kama wangu. Tarehe 17 Septemba 1925 basi alilopanda liligongana na tramu, chuma kikamchoma nyonga. Tangu hapo kila mara alifungwa mgongo, mara kwa plasta ya jasi, mara kwa ngozi, mara kwa chuma. Zile plasta alizichora mwenyewe, nyingine zikiwa bado mwilini. Moja ina nyundo na mundu kifuani, na tumboni mtoto ambaye hajazaliwa. Mguu ulipokatwa mwaka 1953, ule wa bandia aliuvika buti jekundu lenye njuga.

Lakini kazi yake ninayoirudia ni ile aliyoianza New York mwaka 1933, Allá cuelga mi vestido, yaani "Gauni langu linaning'inia kule". Gauni lake la Kitehuana, vazi la asili la wanawake wa Tehuantepec huko Mexico, linaning'inia kwenye utepe kati ya choo na kikombe cha ushindi, na mwenyewe hayumo. Chini amebandika picha za umati zilizokatwa magazetini. Kaondoka na mwili wake, kawaachia nguo! Nilipoiona nikajua sanamu yangu nayo itakuwa vyuma na leso tu, mwili wangu sitauweka mle.

Watu husema aligeuza maumivu kuwa urembo. Sikubali hata kidogo. Maumivu yalibaki maumivu mpaka alipofariki mwaka 1954. Alichokataa ni watu kumwamulia mwili ule ni wa nini. Alipenda wanaume, akapenda wanawake, na kwenye picha ya familia ya mwaka 1926 amesimama na suti ya kiume, nywele kazilaza nyuma.

Hapo ndipo ananigusa mimi kuchu, mtu wa mapenzi ya jinsia moja. Jamaa zangu wanaamini hakuna atakayeutaka mwili huu, kisha haohao wanataka wachague nani aupende. Mei 2019, Mahakama Kuu ilipokataa kufuta vile vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, niliona serikali nayo imejiunga na foleni ya wenye kuniamulia. Siku hizo nilichora sana, na hakuna mchoro ulioniridhisha. Vyuma vinaniridhisha.

Leso iliyofungwa kiunoni pa sanamu ni ya yule unayemjua. Nilimwomba, akaomba muda afikiri, kisha akaileta mwenyewe.

Nawe nakuomba lile gongo lako la mbao, ulilochonga jina letu kwa wembe. Nataka liwe mkono wa kushoto. Ukikubali, litume kwa basi la usiku, nitalipokea stendi. Ukiona huwezi kuachana nalo, usijilazimishe. Nipigie picha tu unieleze urefu wake, nitatafuta mbao nyingine.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Somo wako