Risala ya Kikundi cha Fasihi na Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Waliozaliwa Januari Mosi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mkuu wa Shule; Mwenyekiti wa Bodi; walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu. Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuja, tena kuja mwenyewe. Mwaka jana tulikaa juani hadi saa tisa, akaja mwakilishi. Kwa hiyo ujio wako tunauthamini sana.

Kikundi hiki kilianzia chini ya mwembe kikiwa na wanafunzi saba. Leo tumefika 54. Kila Januari, shule zikifunguliwa, tunamkumbuka Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, hapa hapa Tanga, aliyezaliwa Januari 1, 1909. Safari hii mwalimu wetu alitutuma tuwatafute wenzake wa siku hiyo, na tumewapata. Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi na mtengeneza filamu, alizaliwa Januari 1, 1923. Siku hiyo hiyo ya mwaka huo huo, huko Detroit, Marekani, alizaliwa Milt Jackson, mpigaji wa vibrafoni katika jazi. Na Grandmaster Flash, DJ wa muziki wa hip-hop, ambaye vijana wetu watachana mistari kwa heshima yake baada ya risala hii, alizaliwa Barbados Januari 1, 1958.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya ngonjera ya kata, na picha ya Shaaban Robert unayoiona ukutani mwa bwalo tumeichora wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu turudi kwa Sembène, maana ndiye aliyetugusa zaidi. Hakuendelea na shule. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, Ufaransa, na alijisomea katika maktaba ya chama cha wafanyakazi hadi akawa mwandishi. Sisi pia ni watoto wa bandari. Maktaba ndiyo hatuna.

Boma lake lipo, umelipita ukiingia getini. Wazazi walichanga tofali na mchanga, likapanda hadi kwenye renta. Mwaka 2021 mgeni rasmi wetu, akiwa amekaa hapo ulipokaa, aliahidi bati zote kabla ya mwezi kwisha. Tulimpigia makofi mengi. Mwaka 2023 mgeni mwingine aliahidi bati hizo hizo, akaongeza na mbao. Tulimwandikia barua tatu za kumkumbusha kwa adabu. Nakala zake anazo katibu wetu, unaweza kuziona. Hadi asubuhi ya leo haijafika hata bati moja. Ndani ya boma umeota mpapai, na sasa unazaa.

Vitabu vyetu vimo katika masanduku mawili, stoo, pamoja na mahindi. Panya wanaofuata mahindi wanamalizia na vitabu. Nakala yetu pekee ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, haina kurasa za mwisho. Mshitakiwa Karama anajitetea barazani siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliofungwa, sisi tunasoma tumeshika roho, halafu karatasi inakwisha. Jinsi wale wajumbe walivyofunguliwa gerezani tumesimuliwa na mwalimu kwa mdomo. Hivyo ndivyo anavyosomwa Shaaban Robert katika mkoa aliozaliwa, na jambo hili linatuuma.

Tunaomba bati 60 za geji 28, mbao za kenchi na misumari. Fundi ni mzazi mwenzetu, atapaua bila malipo. Masika yanaanza Machi, na kuta hizi zimeshanyeshewa vya kutosha. Upande wa kaskazini una ufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, tunaomba utakaposimama kuzungumza ututajie idadi ya bati na tarehe. Zikiwa kumi, tutashukuru kwa kumi. Kama haiwezekani, tunaomba utuambie haiwezekani, ili kesho wazazi waanze kuchanga upya badala ya kusubiri. Mwenyekiti wetu ameshika kalamu na daftari.

Tunaomba kuwasilisha.