Mabinti wa Eastlands mnaotaka kura 2027: hio usiku nani atapika?

Mabinti zangu,

Jumamosi mlikuja kwangu hapa Jericho watano, mkamaliza chapati zote mkaniachia vikombe, silalamiki. Lakini kuna mmoja wenu (anajijua) aliuliza kitu nikanyamaza juu wageni walikuwa wameingia, alisema, shosho, kwani lazima nipigane na wanaume huku wadi, si nitafutiwe tu nominesheni, kile kiti chama hukupa bila kupigiwa kura, nikishaingia ndani nipande polepole kama Mama Samia. Hilo swali limeninyima usingizi, nimeona heri niandike na wale hawakukuja pia wasome.

Tuanze na huyo Samia, Rais wa Tanzania, maana watu humtaja kama mtu aliamka asubuhi akakuta kiti mlangoni. Ni kweli Magufuli alifariki Machi 2021 na siku mbili baadaye mama akaapishwa. Lakini alianza akiwa karani wa ofisi huko Zanzibar, 2000 akaingia Baraza la Wawakilishi na viti maalum, haya hapo uko na pointi, ila hakulala hapo, 2010 akaenda Makunduchi akaomba kura za jimbo mwenyewe, 2014 akawa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, ndio 2015 akaitwa mgombea mwenza. Hesabuni hio miaka. Na sitawaficha, mambo ya Oktoba 2025 huko kwao, vijana kuuawa barabarani, intaneti kuzimwa, hayo yalinichoma. Mei ya mwaka huo huo Martha Karua alikuwa ameenda Dar kusikiliza kesi ya mpinzani wao Tundu Lissu wakamzuia pale uwanja wa ndege wakamrudisha Nairobi. Kwa hivyo mkinitajia huyo mama tajeni njia alipitia, hayo mengine muachieni yeye na watu wake.

Hata hapa kwetu wa kwanza walianzia chini. Grace Onyango alikuwa mwalimu, akawa diwani, 1965 akawa meya wa Kisumu, 1969 ndio akachaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza Kenya kuingia Bunge kwa kura. Nairobi tulikuwa na Margaret Kenyatta, meya kuanzia 1970, najua mtasema huyo alikuwa mtoto wa Rais, na mimi sitabishana. Hivi viti 47 vya Mwakilishi wa Kike vililetwa na katiba ya 2010, ni vizuri, lakini nimeona vile wanaume wa chama hutumia hicho kiti, ukienda kuomba tiketi ya ubunge unaambiwa mama si mko na kiti chenu. Ile sheria ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, nayo Bunge limeipiga chenga mpaka Jaji Mkuu Maraga 2020 akamshauri Rais avunje Bunge, na hakuna kilichovunjwa. Magavana wanawake walikuwa watatu 2017, wakawa saba 2022, na hakuna hata mmoja aliteuliwa, ni kura.

Sasa niwaambie kitu sijawahi kuambia hata watoto wangu.

Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 nilikuwa ajenti, yule wa kumlindia mgombea kura. Mwalimu mmoja wa nasari wa huku kwetu alikuwa anawania udiwani, mwanamke mpole lakini akisimama kuongea hata walevi wananyamaza. Siku hizo masanduku yalikuwa yanabebwa kupelekwa ukumbini kuhesabiwa, haikuwa kama sasa kura zinahesabiwa palepale kituoni. Mimi nilipanda na sanduku letu kwa lori, nikaketi karibu nalo mpaka goti linagusa, nikaingia nalo ukumbini, nikaandika namba ya kufuli kwa kiganja na biro. Saa tatu usiku hata sanduku letu halijafikiwa, kijana wangu mkubwa akatokea dirishani na kandambili, akaniita, mama, baba anauliza tutakula nini.

Nikaenda. Nilijiambia nasonga ugali mara moja nirudi. Nikapika, mdogo akaanza kulia, mzee akasema saa hii mwanamke anaenda wapi, nikalala na nguo za mchana. Matatu ya kwanza asubuhi nikafika ukumbini, wameshamaliza, watu wanakunja meza. Mwalimu ameanguka kwa tofauti ya kura ambazo hata matatu mbili hazijai. Akaniangalia mkononi, ile namba bado ilikuwa inasomeka, akaniuliza tu, ulikuwepo wakifungua? Mimi siwezi kusema tuliibiwa na siwezi kusema hatukuibiwa, sikuwepo, na mwalimu hakuwania tena.

Ndio maana nikisikia mnaongea posta, tisheti na nani atawaandikia hotuba mimi nauliza hio usiku nani atapika. Wanaume siasa yao wanaifanya kuanzia saa mbili usiku, kwa hoteli, kwa gari, kwa boma ya mtu, na hapo ndio tiketi hugawanywa, sisi tukiwa tunaosha sufuria. Kama bwana ako hawezi kulisha watoto usiku mmoja bila kutuma mtu dirishani, panga na dada yako, na jirani, na mimi, lakini panga mapema isije ikakushtua Agosti 10, 2027. Na mkitafuta maajenti msichukue yule wa kuimba sana kwa kampeni. Chukueni yule mwenye kibofu kigumu na moyo mgumu, awe amekula, awe na shuka, asitoke mpaka fomu 36A, ile ya matokeo ya udiwani kituoni, ijazwe, aisome namba kwa namba kabla ya kuweka sahihi, apewe nakala, halafu apige picha ile inabandikwa mlangoni.

Jumamosi ijayo mrudi, saa nane, chapati mtapika wenyewe safari hii. Kila mtu aje na daftari na majina ya maajenti wawili kwa kila kituo cha wadi yake, mmoja wa mchana na mmoja wa kukesha, na kando ya hayo majina aandike nani atabaki na watoto wa huyo wa kukesha. Yule wa nominesheni aje pia, sijamkasirikia.

Ni mimi shosho yenu,
Jericho, Nairobi